Benzi Isiyokubali Kuzima: Shajara ya Kulisaka Ombwe Lililopotea

Jumamosi, Machi 8. Arusha

Nimezungusha ufunguo, nimeuchomoa, nimeutia mfukoni. Injini inaendelea kunguruma kana kwamba hainifahamu.

Gari ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1983, lile umbo linaloitwa W123: dizeli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,399, gia nne za mkono. Nililinunua Tanga kwa mzee mmoja mstaafu aliyelipenda kuliko nyumba yake. Siku ya kukabidhiana aliniambia, "Mwanangu, hii gari ina tabia yake. Ukitaka kuizima, fungua boneti." Nikacheka, nikadhani ni utani wa watu wa pwani. Kumbe anasema kweli. Kwenye injini kuna mkono mdogo ulioandikwa STOP. Unausukuma, injini inakufa. Wiki ya tatu hii nalizima gari langu namna hiyo, sokoni, kanisani, mbele ya kadamnasi.

Fundi umeme wa mtaani alitaka kubadilisha swichi nzima ya ufunguo, na waya zake. Nimekataa, kwa sababu kwenye gari hili umeme hauhusiki kabisa na kuzima injini. Dizeli haina plagi za cheche za kukatiwa moto. Ikishawaka, inachohitaji ni mafuta na hewa tu. Nyuma ya swichi ya ufunguo kuna kivalvu kidogo. Ukizungusha kuzima, kivalvu hicho hufungua njia ya ombwe, yaani hali ya mahali palipopunguzwa hewa, kupitia bomba jembamba la plastiki la rangi ya kahawia, hadi kwenye kikombe kilichofungwa kwenye pampu ya dizeli. Ndani ya kikombe mna diaframu, utando wa mpira. Diaframu ikihama, huvuta fimbo inayokata mafuta. Ombwe lisipofika, ufunguo ni pambo.

Mafundi wetu husema "vakyumu". Mimi nitaandika ombwe, maana ni neno fupi na ni letu.

Jumapili, Machi 9

Mvua tangu alfajiri. Kazi ya leo ni kalamu na karatasi.

Aliyekulia kwenye magari ya petroli huliona ombwe kama kitu cha bure, na kwake ni cha bure kweli. Injini ya petroli ina kipepeo, kibati cha kufungua na kufunga, kwenye njia ya hewa. Mguu ukiwa nje ya pedali, kipepeo kimefungwa karibu chote. Pistoni zinashuka zikitafuta hewa na hazipati ya kutosha, kwa hiyo ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawia silinda hewa, hewa inakuwa haba. Ukichomeka mpira hapo umepata ombwe lako: huko pwani, injini nzima ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta, geji husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Busta ya breki, kile chombo kinachousaidia mguu kubana breki, hunywa hapo hapo. Kwenye magari ya zamani, hata kile kikopo cha kuwahisha moto kwenye distributa kilikunywa humo.

Dizeli kama yangu haina kipepeo. Dereva akikanyaga, anaongeza mafuta. Hewa inaingia wazi wakati wote, atake asitake. Manifoldi haina ombwe la maana. Ndiyo maana lazima kuwe na pampu. Kwenye injini hii pampu iko mbele, ina kiroli kinachopanda na kushuka kikisukumwa na kifaa cha taimingi cha pampu ya dizeli. Kwenye Hiace na Hilux nyingi za dizeli tulizozoea, pampu imebebwa mgongoni mwa alteneta, inazungushwa na shafti ile ile na kulainishwa na oili ya injini. Mwenye Hiace aliyewahi kukuta alteneta imeoga oili sasa anajua oili ile ilitoka wapi: sili ya kati ilichoka.

Nikiwa nachora nimegundua kwamba neno "kuvuta" ndilo linalotuchanganya. Ombwe halina mkono wa kuvutia kitu. Anayefanya kazi ni hewa ya nje. Pampu inapunguza hewa upande mmoja wa diaframu, hewa ya nje inasukuma upande wa pili. Chukua busta yenye diaframu ya kipenyo cha inchi 9. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 410. Tofauti ya hewa ikiwa kilopaskali 68, yaani inchi 20 za zebaki, msukumo ni kama uzito wa kilo 280 hivi. Mguu wako unaongoza tu. Hewa ndiyo inayobeba mzigo wa kubana breki.

Mchoro wa gari langu umetoka hivi. Kutoka kwenye pampu kuna bomba moja nene kwenda kwenye busta, na karibu na busta kuna valvu ya njia moja inayoruhusu hewa itoke na kuizuia isirudi. Kwenye bomba hilo nene kuna chuchu ndogo, na kutoka hapo yanaanza mabomba membamba: la kahawia la kuzima injini na la njano la sentro loki. Ndiyo, milango ya gari hili hujifunga kwa ombwe. Hakuna mota hata moja mlangoni. Kwenye buti kuna chupa ya akiba ili milango iweze kufungwa hata injini ikiwa imelala. Baadhi ya W123 hata taa za mbele huinuliwa na kushushwa kwa ombwe. Langu halina hilo, nashukuru.

Sasa angalia werevu wa waliounda. Zile chuchu zina tundu jembamba mno. Mlango ukivuja, unaiba ombwe polepole, na breki haziachwi mikono mitupu. Lakini kikombe cha kuzima injini kiko upande ule ule wa maskini pamoja na milango. Ina maana loki ya mlango wa nyuma inaweza kuizuia injini isizime. Nimemsomea mke wangu sentensi hiyo, akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, Machi 15

Nimeazima pampu ya mkono yenye geji. Kwa kazi hii inashinda boksi zima la spana.

Nilianza na pampu ya injini peke yake: nikachomoa bomba nene, nikaweka geji. Inchi 20. Kwa Arusha hiyo ni nzuri. Kwa nini nasema "kwa Arusha" nitaeleza nikifika huko. Nilishusha pumzi, maana pampu za injini hizi zikivunjika, vipande vyake huweza kudondokea kwenye chumba cha cheni ya taimingi, na hapo shajara hii ingegeuka tanzia.

Nikarudisha kila kitu, nikapima tena kwenye bomba nene: 16. Nikachomoa bomba la kahawia kwenye kikombe, nikaweka geji mwishoni mwake, nikazungusha ufunguo kuzima: 5.

Tano! Kwa tano huamshi diaframu yoyote.

Kisha nikaziba bomba la njano kwa bolti ndogo niliyoipaka grisi. Nikarudi kwenye la kahawia: 18. Nikalirudisha kwenye kikombe, nikazungusha ufunguo, injini ikazima yenyewe. Ilichukua kama sekunde nne. Sikuijali hiyo, nilikuwa nashangilia.

Fundi wangu, ambaye ana subira na mimi kuliko nistahilivyo, akasema, "Basi kaka, acha bolti hapo, uende zako. Milango funga kwa mkono kama watu wengine." Ni ushauri wa maana. Nadhani W123 nyingi zilizobaki barabarani zinaishi hivyo hivyo, na bolti yao. Lakini nikapiga hesabu. Inchi 16 badala ya 20 ni kama kilo 57 za msukumo zilizopotea kwenye busta ya inchi 9, kwa sababu ya mlango. Na mimi nataka nijue ni mlango upi.

Kabla ya kuondoka tulipima busta yenyewe kwa njia ya kizamani ambayo haihitaji kifaa. Injini imezimwa, unakanyaga breki mara tano, sita, mpaka pedali iwe ngumu. Unaiacha mguu juu yake na kuwasha. Pedali ikizama kidogo yenyewe, busta inafanya kazi. Ikazama. Valvu ya njia moja nayo tuliichomoa na kuipuliza kwa mdomo: inapita upande mmoja, upande wa pili ni ukuta. Nzima.

Dogo anayejifunza pale gereji akauliza kama ni kweli ukizima injini kwenye mteremko breki zinakufa. Hazifi, zinabaki ngumu. Ile valvu huhifadhi ombwe la kukanyaga mara mbili, tatu kwa msaada wa busta, baada ya hapo ni paja lako na Mungu. Madereva wanaozima injini kuokoa mafuta kwenye miteremko wanacheza na hizo mara mbili, tatu.

Jumamosi, Machi 22

Milango. Siku nzima, milango.

Mlango wa dereva una valvu kuu: ukifunga hapo, ndiyo inayogawa ombwe kwenye njia ya kufunga au ya kufungua. Milango mingine, buti na kifuniko cha tangi vina vikombe vyao vya diaframu. Vikombe vya milango vina mabomba mawili kila kimoja, kwa hiyo vinapimwa pande zote mbili. Unavuta kwa pampu ya mkono hadi 15, unahesabu dakika moja ukitazama mshale. Ukitulia, sawa. Ukishuka, umemkamata mwizi.

Kutoa makava ya ndani ya milango baada ya miaka zaidi ya arobaini ni kazi ya kuomba dua. Klipu tatu zimevunjika. Chini ya mlango wa nyuma kushoto nimekuta sarafu ya shilingi ishirini na ganda la pipi.

Wezi wako wawili. Mlango wa mbele wa abiria, diaframu imechanika. Mlango wa nyuma kushoto, kikombe ni kizima lakini kile kiwiko cha mpira kinachounganisha mabomba kimepasuka kama tope la kiangazi. Nilipokigusa kikaachana mkononi.

Halafu nikafanya ujinga. Nilitaka kujua bomba la kwenda kwenye buti linapita wapi, nikapuliza hewa ya kompresa. Nikasikia *pu!* nyuma ya gari. Vikombe hivi vimezaliwa kwa tofauti ya hewa isiyofika hata msukumo wa hewa tuliyonayo juu ya vichwa vyetu. Kompresa ya gereji inatoa mara sita, saba ya hiyo. Kikombe cha buti, ambacho asubuhi kilikuwa kizima, sasa ni marehemu. Kwa hiyo wezi ni watatu, na wa tatu nimemzaa mwenyewe.

Jumamosi, Machi 29

Vikombe viwili vilivyotumika nimeagiza kutoka Dar, mtaa wa Gerezani, vimekuja na basi. Nilimwomba muuzaji avipime kwa mdomo kabla ya kufunga mzigo: nyonya, ziba kwa ulimi, kikibaki kimekushika ulimi ni kizima. Alicheka kwenye simu, lakini alifanya.

Kiwiko cha mpira hakikupatikana, kwa hiyo katikati ya wiki nilitumia akili ya kwetu: valvu ya baiskeli, ule mpira mwembamba. Unaingia vizuri kabisa. Siku mbili geji ilionyesha 19 na nikajiona mhandisi. Siku ya tatu milango haikufunga na injini haikuzima. Nilipokagua, mpira umelala bapa kama tambi iliyokanyagwa. Kwenye baiskeli kazi ya mpira huo ni kukandamizwa na hewa ya tairi juu ya kitundu cha chuma, ili hewa isitoke; hapa hakuna chuma ndani yake, hewa ya nje inaukandamiza mpaka unajiziba. Mpira wa ombwe lazima uwe na ukuta mnene. Sababu hiyo hiyo inakataza kufunga mpira wa maji kwenye busta, hata kama unaingia na unapendeza macho: ukipata joto unalainika, unajibana, na breki zinakuwa jiwe wakati unazihitaji.

Leo nimeweka mpira wa ukuta mnene wa milimita tatu na nusu ndani. Bomba nene: 19 na nusu. La kahawia: 19. Milango yote inafunga kwa pamoja kwa ule mguno wa taratibu, kama mtu mzima anayeketi.

Jumamosi, Aprili 5

Zile sekunde nne zimekuwa nane.

Nilichomoa bomba la kahawia kwenye kikombe cha kuzima ili nipime tena, tone la oili likaniangukia kidoleni. Oili nyeusi, ndani ya bomba la hewa. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la Machi 15: nilipima bomba *bila* kikombe, kwa hiyo kikombe chenyewe sikuwahi kukipima. Nikakivuta kwa pampu ya mkono, mshale ukashuka kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Diaframu ina ufa. Nyuma ya kikombe kuna oili ya kulainisha pampu ya dizeli, na kila nikizima gari, oili hiyo inasukumwa kidogo kidogo kwenye bomba kuelekea ndani, kwenye swichi ya ufunguo. Ningesubiri, ningeikuta kwenye dashibodi.

Kikombe kipya na oringi yake. Hiki sikutaka kilichotumika. Bomba nililisafisha kwa petroli kidogo, nikaliacha likauke juani siku nzima, na kwa Aprili ya Arusha kupata jua la siku nzima ni bahati.

Injini sasa inazima kabla sijauachia ufunguo.

Jumamosi, Aprili 12

Jirani ana Corolla ya petroli. Gereji moja ilimpimia ombwe, ikasoma 15 na nusu, akaambiwa moto umechelewa au manifoldi inavuja, maana kitabu kinasema 17 hadi 21. Alikuja kuniuliza kwa kuwa mtaa mzima sasa unanijua kama mtu wa vakyumu.

Tuliweka geji. 15 na nusu kweli, lakini mshale umetulia kabisa, hautetemeki. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka gasketi ya manifoldi, mngurumo haukubadilika. Tulipiga resi ghafla na kuachia: mshale ukaanguka karibu na sifuri, ukaruka hadi juu ya 20, ukarudi mahali pake. Injini yake haina ugonjwa. Kilicho na walakini ni kukisoma kitabu cha watu wa pwani ukiwa mlimani.

Hesabu ni hii. Usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa kilopaskali 101. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, hewa inasukuma kwa 86 hivi. Geji haipimi ombwe, inapima tofauti kati ya ndani na nje. Nje ikiwa na hewa kidogo, tofauti inapungua hata kama injini ni ile ile. Kanuni ya mafundi ni kutoa inchi moja kwa kila mita 300. Kwa Arusha, toa nne na nusu. 15 na nusu ya hapa ni sawa na 20 ya Tanga.

Jirani alikuwa ameshaambiwa bei ya kufungua kichwa cha injini.

Ijumaa Kuu, Aprili 18. Barabarani kwenda Tanga

Nimeunga geji kwa mpira mrefu kutoka kwenye bomba nene, imepita dirishani, familia nzima inaisoma. Mdogo ndiye karani.

Arusha 20. Moshi 21 na nusu. Korogwe 23. Pampu haijaguswa, hakuna skrubu niliyoikaza njiani. Tunachofanya ni kushuka tu na kuingia chini ya hewa nyingi zaidi. Baada ya Korogwe nilianza kuhisi breki zinauma mapema kuliko nilivyozoea, na sijui kama ni mguu wangu au ni karani wangu anayenishangilia.

Tanga tumeingia jioni: 24. Kwa busta ya inchi 9 hiyo ni kama kilo 335, hamsini na kitu zaidi ya nilizoondoka nazo nyumbani.

Tulikwenda moja kwa moja kwa mzee. Alisikia mngurumo wa gari lake akiwa ndani, akatoka kabla sijasimama vizuri, akalizunguka, akapapasa mlango wa nyuma kushoto, akauliza kama watoto hawajambo. Nikasema, "Shikamoo mzee, subiri nikuonyeshe kitu." Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikafunga loki ya mlango wa dereva. Milango mingine ikaguna, ikajifunga.

Alikuwa ameshafika mbele ya gari, mkono chini ya boneti, anatafuta kile kishikizo.